Siku Mkilua Utakapotoa Ua

Kitaya, 5 Februari 2022

Mama Mkubwa Somoe,

Shikamoo. Natumai karatasi hii inakukuta mzima, mguu umepunguza kuuma na wateja wa vikuba vyako vya maua ya kunukia bado wanagonga mlango. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo sijui niiseme vipi.

Usishangae kupata karatasi badala ya sauti yangu. Simu kaichukua Mustafa. Anasema mke akitaka kuongea, mume si yupo? Barua kaibeba Ilda, jirani yetu, yule mama mwenye asili ya Msumbiji anayeleta kambale wakavu sokoni kwenu. Kaitia chini ya kambale, kwa hiyo ikinuka unisamehe. Jibu mpe yeye, usimpe mtu mwingine.

Mama Mkubwa, nimechoka. Tangu niolewe nilikuwa natoka ua wa nyumba hii kwenda kisimani tu. Sasa Mustafa kachimba kisima humu humu uani. Watu wanamsifu, eti mume gani siku hizi anamchimbia mkewe kisima! Mimi nikisikia ndoo inagonga maji nataka kulia.

Juzi nilimwomba ruhusa nije kwenye harusi ya mdogo wangu. Akakataa. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia mbele ya wenzake waliokuwa wanakunywa kahawa: basi nipe talaka yangu. Mustafa akacheka. Akanyoosha kidole kwenye ule mkilua ulionipa siku naondoka kwako, nilioupanda nyuma ya bafu. Akasema, "Hutoki kwenye ua huu mpaka ua litoke kwenye kijiti kile. Siku mkilua ukitoa ua, umeachika, talaka tatu." Wenzake wakavunjika mbavu. Mmoja akamuuliza mkilua unachukua muda gani kuchanua, akajibu kwamba wajukuu zake wataliona. Tangu siku hiyo mti wameuita Kadhi. Akitoka asubuhi anaupiga kwa fimbo kidogo na kuuliza, "Kadhi hajambo?"

Nitoroke niende wapi? Neno la Mjomba Hemedi unalijua. Nyumba unayokaa ni yake, na alishasema bila talaka nisikanyage hapo. Mti wenyewe, Mama Mkubwa, haujanifika magotini.

Mwanao,
Riziki


Mikindani, 20 Februari 2022

Mwanangu Riziki,

Marahaba, marahaba tena. Mguu unauma kama kawaida yake na wala sina muda wa kuusikiliza. Barua imenuka kambale hadi paka wa jirani kanifuata chumbani. Hapa wote wazima, harusi imepita, nimefunga vikuba hadi vidole vimekufa ganzi. Bibi harusi kakuulizia. Nimemdanganya kwamba una homa.

Sasa huyo mumeo. Loo! Mwanaume mzima kutundika talaka kwenye mti! Nimecheka peke yangu jikoni, kisha nimelia, kisha nimecheka tena. Hebu nijibu jambo moja tu, na unijibu kwa uhakika: alisema tatu? Kwa mdomo wake? Na waliosikia ni nani? Maana akisema moja, atakuacha asubuhi na jioni atakurejea, na yote yatakuwa bure. Akisema tatu, kajifungia mlango mwenyewe na ufunguo kautupa.

Nimekwenda kwa Mjomba wako. Nimekaa kwenye mkeka wake tangu adhuhuri. Jibu lake ni lile lile: "Alete talaka, nitampokea." Nimemwambia twende kwa mtendaji, twende mahakamani. Akaniuliza kama nataka aibu ya ukoo isomwe na karani. Sikumjibu, maana ningemjibu ningelala nje.

Basi sikiliza, na usimwambie kiumbe. Mti ule si mtoto. Nilipanda mbegu yake kwenye kopo la rangi wakati wewe uko darasa la tano, nikawa nausahau kila mwaka kuutia ardhini. Ndiyo maana ni mfupi, umebanwa na kopo, mizizi ilikuwa inazunguka humo humo. Mumeo anauona mdogo kwa kimo. Umri haujui.

Mkilua hautaki jua kali, na huko nyuma ya bafu umebahatika. Maji ya kuoga yenye sabuni yasiufikie. Rundika majani makavu shinani, yaoze yenyewe. Usiuhamishe hata iweje. Na usiuharakishe, mama, hauharakishwi. Mimi wangu wa hapa uani niliusubiri hadi nikaanza kuutukana.

Mama yako Mkubwa,
Somoe


Kitaya, 11 Juni 2022

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Poleni na baridi ya upepo wa kusini, mguu ufunike. Hapa hatujambo, mpunga tumevuna, chakula kipo.

Tatu. Alisema tatu, na anarudia mwenyewe kwa majisifu. Kijiji kizima kinajua. Hata Shehe Ismaili wa msikitini alimtania Ijumaa moja, "Mustafa, Kadhi wako hajambo?" Ilda ndiye aliyeniambia.

Lakini nina habari mbaya. Mwezi wa nne Ruvuma ulijaa, maji yakaja hadi kwenye kuta za bafu, yakakaa. Yalipoondoka mkilua ulianza kupukutisha majani. Sasa umebaki vijiti. Mustafa kaja na fimbo yake akasema, "Kadhi kastaafu." Sikula siku ile.

Kuna na mama mkwe. Bi Mwanahamisi nilikuambia ni mtu wa maneno machache, lakini sasa ananitia hofu. Kila jioni anakwenda nyuma ya bafu na sufuria, anamwaga kitu kwenye shina. Nikimuuliza anasema, "Maji." Nikienda kuangalia nakuta udongo umelowa, nanusa sisikii kitu. Nadhani anamsaidia mwanawe kuuua. Nifanyeje? Nikimzuia atamwambia Mustafa kwamba naulinda, na akijua naulinda atajua nautegemea.

Nikiamka usiku nasikia lango la bati linavyofungwa kwa komeo. Mustafa anafunga mwenyewe kisha anakuja kulala, anakoroma.

Mwanao,
Riziki


Mikindani, 2 Julai 2022

Riziki,

Marahaba. Mguu nimeufunika kama ulivyoagiza, umenishukuru.

Acha kulia. Chukua ukucha, kwangua gome la mti kidogo sana, sehemu ya chini. Ukikuta kijani, mti uko hai, umenuna tu. Ukikuta kahawia, kwangua chini zaidi. Wala usiuchimbue kuangalia mizizi, nakujua wewe, ulipokuwa mdogo ulikuwa unafukua mbegu za mchicha kuangalia kama zimeota.

Mama mkwe wako ametoka wapi? Sikuwahi kumuuliza siku ya posa, tulikuwa tunahangaika na biriani. Mtu anayekwenda kwenye mti na sufuria kila jioni, angekuwa anamwaga maji ya chumvi, yangekwisha kuuua siku nyingi. Muulize kwao ni wapi. Muulize kwa adabu, huku mnachambua mchele.

Vikuba vimepungua siku hizi, wasichana wanataka manukato ya chupa. Lakini kilua, ua lenyewe la mkilua, bado wanaulizia, maana harufu ile hakuna aliyeweza kuitia kwenye chupa.

Mama Mkubwa


Mikindani, 14 Novemba 2022

Riziki mwanangu,

U mzima? Sijapata jibu. Nimemuuliza Ilda, kaniambia lango halifunguliwi hata kwa jirani, na safari ya mwisho aliondoka bila barua. Nimempa hii hata hivyo. Na chumvi kidogo, na khanga. Khanga hiyo imeandikwa maneno ya kumkera mtu, usiivae mbele yake. Vaa ukiwa peke yako.

Mama Mkubwa


Mikindani, 28 Machi 2023

Riziki,

Ramadhani imeingia. Nakuombea kila futari. Ilda anasema amekusikia ukitwanga, ndiyo maana najua u hai. Mimi mtu wa kujua mwanangu yu hai kwa mchi! Nimemwambia Mjomba wako neno hilo. Aliinamisha kichwa, akaomba uji.

Mama Mkubwa


Kitaya, 9 Septemba 2023

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukukata maini. Ile ya Julai niliipata mapema, hizi mbili za baadaye nimezipata kwa pamoja. Mimi ni mzima kwa kiasi changu.

Yaliyotokea ni haya. Nilikwangua gome nikakuta kijani, nikafurahi kama mwehu. Mvua za mwaka jana zilipoanza, mkilua ukachipua. Majani mapya, laini, yanang'aa. Mustafa kaja na fimbo yake ya asubuhi, akasimama. Safari hii hakuuliza kama Kadhi hajambo. Aliangalia tu. Jioni ile akajenga ua mpya wa mianzi, mrefu, hata kichwa cha mpita njia sikioni tena, tena akamfukuza Ilda. Kisha akachukua panga akaukata mkilua karibu na ardhi. Akasema amempunguza Kadhi nywele, joto lilikuwa linamsumbua. Alicheka, lakini peke yake.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Sikuweza hata kulia. Nilijiona nikizeeka humu ndani, nikichota maji kwenye kisima kile kile, nikifa, nikizikwa nyuma ya bafu ili nisitoke.

Ndipo Bi Mwanahamisi akaja. Alikuwa na sufuria yake. Akaniambia, "Ondoka hapo, unakanyaga mizizi." Akamwagia shina maji, akaniwekea sufuria mkononi ninuse. Maji ya kuoshea mchele, Mama Mkubwa! Siku zote zile alikuwa anaulisha, na mimi namdhania mchawi.

Nikamuuliza kwao. Kwao Msimbati. Aliletwa hapa akiwa bwana harusi hajamwona hata sura, na siku ile walimfunga kilua kwenye nywele. Marehemu baba mkwe wangu hakumruhusu kurudi kwao, hata mama yake alipofariki. Mume akafa, akadhani sasa atakwenda, mwanawe akamwambia, "Mama, uende kwa nani?" Ananisimulia huku anarundika majani shinani, uso mkavu. Nikamuuliza kama hana uchungu. Akasema, "Ninao, nimeuzoea."

Ilda ameanza tena kuja. Mama mkwe ndiye anayemfungulia, Mustafa akiwa shamba.

Mwanao,
Riziki


Mikindani, 1 Oktoba 2023

Riziki, Riziki,

Marahaba mara elfu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Paka wa jirani kanisikiliza hadi mwisho.

Kwanza, msalimie sana Bi Mwanahamisi. Mwambie Somoe wa Mikindani anamwomba radhi kwa kumtilia shaka, na kwamba maji ya mchele ni dawa nzuri kuliko zangu zote.

Pili, usikate tamaa. Mumeo kishaanza kuogopa kijiti. Mtu hamkati panga kadhi asiyemwogopa! Na lile panga limekufanyia kazi bila yeye kujua. Mizizi yote ya miaka ile iko chini, shina lililokatwa litatoa machipukizi mengi badala ya moja. Yaache yote.

Tatu, na hili ndilo kubwa, shika vizuri. Kilua kikitoka si ua la kupendeza macho. Huwa kijani, kinaning'inia chini ya jani, kimeinama kama mtu mwenye haya. Mtu asiyekijua atakuapia kwamba ni jani changa. Mumeo atasema ni jani. Kwa hiyo ukikiona, usipige kelele, usikiguse, usimwite mtu. Kiache kigeuke njano. Kikigeuka njano kitanuka, na kikinuka hakuna atakayekiita jani.

Mguu sasa unaniweka kitandani siku nyingine. Usije kwa ajili hiyo. Njoo kwa ajili yako.

Mama Mkubwa


Kitaya, 20 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole na mguu. Ua bado.

Machipukizi yamenifika kiunoni. Mustafa haji tena nyuma ya bafu, anaoga upande wa kisimani. Wenzake wakimtania kuhusu Kadhi anabadilisha mazungumzo. Kwangu kawa mkali zaidi. Lango katia kufuli jipya.

Namwonea wasiwasi Bi Mwanahamisi. Anakohoa. Jana tumekaa naye tunachambua mchele, akaniambia yeye harufu ya kilua anaiota. Nikamuuliza ikoje. Akasema, "Inafanana na siku nilipokuwa bado na kwetu."

Riziki


Kitaya, 3 Februari 2025

Mama Mkubwa wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaa kwanza kabla hujasoma, na mguu uupandishe juu ya kigoda.

Limetoka.

Nililiona wiki iliyopita asubuhi, nimeinama kuokota sabuni. Kijani, chini ya jani, limeinama kama ulivyosema. Nikaokota sabuni yangu, nikaenda jikoni nikachochea uji. Nilikoroga hadi ukamwagika. Bi Mwanahamisi kaniangalia. Akaenda nyuma ya bafu, akarudi, akakoroga uji kwa niaba yangu.

Tulisubiri. Mama Mkubwa, mimi nimefungiwa humu miaka, lakini siku zile ndizo zilizonibana kuliko zote. Nilihesabu kila hatua ya Mustafa uani. Kila akipita karibu na bafu naacha nilichoshika. Siku moja aliingia huko na jembe, kumbe alikuwa anatafuta kamba.

Alhamisi alasiri likanuka. Nilikuwa kisimani, harufu ikanifuata. Nikadondosha ndoo. Mustafa alikuwa kwenye mkeka barazani, naye akanyanyua kichwa. Harufu haifichiki, Mama Mkubwa! Akainuka mbio kwenda nyuma ya bafu, na mimi nyuma yake. Akalitazama. Akasema, "Hili jani." Akanyoosha mkono kulichuma.

Bi Mwanahamisi alishafika. Sijui alipita wapi, na kifua chake kile. Akalichuma yeye kabla yake. Akamwambia mwanawe, "Ukilishika umenishika mimi." Mustafa akabaki na mkono hewani. Mama yake akalifunga kwenye nywele zake nyeupe, akajitanda khanga, ile uliyoleta wewe yenye maneno, maana nilikuwa nimempa. Akasema, "Lete ufunguo." Mustafa hakutoa. Mama yake akanyoosha kiganja. Hatimaye Mustafa akautoa mfukoni. Akampa.

Mimi nilibaki ndani, maana kiapo kilisema nisitoke, na sikutaka apate la kusema. Niliyoyajua baadaye kayaleta Ilda. Bi Mwanahamisi kaenda kwa miguu hadi msikitini, wanaume wametoka kuswali, kasimama nje kwenye kivuli cha ukuta. Shehe Ismaili akatoka, akasimama, akanusa. Hakusubiri kuambiwa. Akauliza, "Mkilua wa Mustafa?" Mustafa alikuwa ameshafika naye, anahema, anasema ni jani, mama yake mzee, macho hayaoni. Wale wenzake wa kahawa walikuwepo pia. Shehe akawauliza, "Mlisikia tatu?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Tulisikia, shehe. Tulicheka, lakini tulisikia."

Bi Mwanahamisi akamwambia Mustafa mbele ya watu wote, "Mwanangu, umeacha. Hata ukinipiga, umeacha." Na Ilda anaapa Mustafa alilia. Mimi sikufurahi kusikia hilo, sijui kwa nini. Nililia na mimi.

Basi talaka yangu ninayo, imeandikwa, shehe katia sahihi. Mpelekee Mjomba Hemedi nakala hii niliyoitia humu, mwambie Riziki ameleta alichoagizwa.

Lakini siji sasa hivi. Shehe kasema eda niikae hapa hapa, ndivyo ilivyo. Nilitaka kucheka. Nimeachika na bado niko ndani ya ua ule ule! Ila Mustafa ndiye aliyetoka. Mama yake kamtupia mkeka na chandarua, kamwambia kibanda cha shambani kinatosha kwa mtu mmoja. Lango tunaliacha wazi mchana kutwa. Silivuki, kwa sababu ya eda, lakini nakaa hapo mlangoni nachambua mchele, naona watu wanapita. Wananisalimu. Wengine nilikuwa sijui sura zao, nilijua sauti tu.

Nimemwambia Bi Mwanahamisi eda ikiisha twende wote Mikindani. Nimemwambia unafunga vikuba na huna mtu wa kukusaidia, na kwamba Msimbati si mbali na hapo kwako. Akarekebisha khanga yake. Akaniambia, "Wewe ulitundikiwa ua. Mimi nani alinitundikia?" Nikarudi kuchambua mchele. Nikadhani ndiyo basi.

Leo asubuhi nimemkuta nyuma ya bafu amechuchumaa. Kachimbua chipukizi moja la pembeni pamoja na mizizi yake, analitia udongo kwenye kopo la rangi. Nikamwambia mama, Mama Mkubwa kasema mkilua hauhamishwi, na kwenye kopo utadumaa, uache ardhini. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Wa ardhini haubebeki."

Andaa vitanda viwili, Mama Mkubwa.

Mwanao,
Riziki